Mkono wa Sheikh Katika Ukurasa wa Kwanza

Ndugu msomaji, jina la Shangani halina mji mmoja. Iko Shangani ya Unguja Mjini, ambayo kila mtu aijua. Iko ya Mogadishu. Na iko hii yetu ya Mtwara, iliyolala juu ya bahari ya kusini, si mbali na mlango wa mto Ruvuma. Shangani yetu haina magofu wala misikiti ya karne nyingi. Mji wa Mtwara wenyewe ulikuzwa na ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukavunjika mwaka 1951, na gati ya bandari yake ilifunguliwa mwaka 1954. Mtu akiutazama kwa haraka atadhani kwamba katika mahali pa juzi kama hapa hapawezi kuwa na vitabu vya kale. Walakini watu hawazaliwi pamoja na mitaa yao. Waliohamia hapa walitoka Mikindani, Lindi, Kilwa, Msimbati na ng'ambo ya Ruvuma, nao walikuja na masanduku yao, na ndani ya masanduku hayo, chini ya kanzu za Idi na hati za mashamba, mlikuwamo vitabu.

Siku hizi imezuka kwa baadhi ya vijana wa mtaa huu hamu ambayo sisi twaiona ni njema, nayo ni kukusanya vitabu vya wanavyuoni wetu wa Afrika Mashariki, khasa vya marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, na katika hivyo kuvitafuta vile vilivyotiwa sahihi na mwenyewe, au vilivyoandikwa kwa mkono wake maneno ya kumzawadia mtu. Huko Ulaya na Marekani jambo hili ni la zamani. Wako wauzaji ambao kazi yao ni vitabu vya namna hiyo tu, na kitabu ambacho mtungaji amekiandika maneno ya kumpa rafiki yake mashuhuri huuzwa ghali kuliko chenye sahihi tupu. Kwetu desturi ilikuwa nyingine. Kitabu hakikuandikwa ukurasa wake wa kwanza ili kipate bei. Kiliandikwa ili kijulikane ni cha nani, kimetoka kwa nani, na kiende wapi. Tofauti hii ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, kwa sababu kijana anayetafuta kwa jicho la muuzaji aweza kuachia jambo la thamani likampita mkononi, na tena aweza kununua kitu kisichouzika.

Kwanza tumtaje mwenye vitabu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma kwa masheikh wakubwa wa zama zake, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit, na pamoja na elimu ya dini akawa mwalimu katika skuli za serikali. Mwaka 1960 akafanywa Kadhi wa Unguja. Mwaka 1967 akahamia Kenya, na mwaka 1968 akashika cheo cha Kadhi Mkuu wa nchi ile baada ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Alifariki Oman mwaka 1982, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake kubwa inayojulikana katika kila nyumba ni Qurani Takatifu, tafsiri kamili kwa Kiswahili, iliyotolewa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Kabla yake tafsiri mbili zilikwisha kutoka, moja ya padri Godfrey Dale mwaka 1923 na nyingine ya Maahmadiya mwaka 1953. Waislamu wengi wa pwani hawakuridhika na hata moja kati ya hizo, basi ya Sheikh ilipokamilika ilipokewa kama maji yapokewavyo na mwenye kiu.

Lakini kwa mkusanyaji, kitabu cha Sheikh chenye kufundisha zaidi si hicho. Ni kile kidogo cha habari za baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, ambacho mtaalamu wa Kimarekani, Randall Pouwels, alikitia katika Kiingereza mwaka 1989. Humo Sheikh alifanya kazi ambayo kabla yake ilikuwa katika vifua vya wazee tu: aliandika fulani alizaliwa lini, alisoma kitabu gani kwa nani, alikwenda Makka au Hadhramaut mwaka gani, na nani walisoma kwake. Mtu akikisoma kwa makini ataona kwamba elimu yetu ni mnyororo, na kwamba kila pete ya mnyororo ule ina jina. Ila sehemu kubwa ya kitabu ni habari za Unguja, Lamu na Mombasa, mahali ambapo Sheikh mwenyewe na walimu wake walipata kukaa na kutembea. Huku kusini, tangu Kilwa mpaka Ruvuma, walikuwako pia waalimu waliosomesha watoto wa watu miaka arubaini na khamsini, na majina yao hayakupata wa kuyakusanya kwa namna ile. Yako wapi basi? Mengi yamekufa na wenyewe. Yaliyobaki, kwa kadiri tuonavyo, yamebaki katika kurasa za kwanza za vitabu vilivyomo ndani ya masanduku yale niliyoyataja. Ndiyo maana twasema kwamba kijana wa Shangani atafutaye mkono wa Sheikh Farsy huenda akawa amekaa juu ya hazina nyingine asiyoitafuta.

Tusitupe, hata hivyo, hamu yake ya kwanza. Kama mtu ataka kujua sahihi aliyoiona ni ya Sheikh kweli, asikimbilie sura ya herufi, kwani mwandiko wa mtu hubadilika kwa umri na kwa kalamu, na mwongo huiga herufi kabla ya jambo jingine lolote. Aanze na miaka. Qurani Takatifu kamili yenye sahihi ya kabla ya mwaka 1969 ni muhali, ingawa vijitabu vya baadhi ya sehemu zake vilikwisha kutoka mbele. Maneno yanayomwita Kadhi wa Kenya nayo yana tarehe ya 1964 si ya kuaminika. Kitabu kilichopigwa chapa upya baada ya 1982 hakiwezi kuwa na mkono wake, na wengi husahau kutazama mwaka wa chapa, kwa sababu jalada ni lilelile na maneno ni yaleyale. Tena yako mambo ya Hijra. Wanavyuoni wetu walizoea kutia tarehe za Kiislamu kwa tarakimu za Kiarabu, na asiyezijua hupotea. Mwaka 1387 ulianza Aprili 1967 ukaisha Machi 1968. Basi sahihi ya mwaka huo yaweza kuwa imetiwa Unguja, na yaweza kuwa imetiwa Kenya, na neno moja la mahali lililoandikwa chini yake litakata shauri. Ama mwaka 1405, huo ni wa baada ya kufa kwake. Tazama pia nyuma ya karatasi: kalamu ya wino au ya risasi hukandamiza na kuacha alama upande wa pili, na sahihi iliyopigwa chapa pamoja na kitabu haiachi kitu. Kadhalika jina lake mwenyewe limeandikwa na wapiga chapa kwa namna nyingi, Farsy, Al-Farsy, Farsi, Abdulla na Abdallah, na tofauti hiyo peke yake si dalili ya uwongo.

Yote niliyoyasema juu ya Sheikh Farsy yafaa kwa wengine. Wako wanaotafuta vijitabu vya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akafa mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, yule aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Na wako wanaotafuta vitabu vya mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014. Vya mwana ni vyepesi kupata, kwa kuwa alisafiri dunia nzima akihutubia. Vya baba ni vya tabu, na kwa sababu hiyo ndivyo vinavyoigwa.

Na hapa nataka kusema neno moja la pembeni, kisha nirudi. Nimesikia kwamba wako watu wanaoweka ukurasa wenye mkono wa mwanachuoni kifuani, au chini ya mto wa mgonjwa. Sheikh Farsy aliandika kitabu kizima cha kukemea mambo aliyoyaona ni bidaa, akagombana kwa ajili yake na watu wakubwa, wengine wakimuunga mkono na wengine wakimlaumu mpaka leo. Mtu huyo ndiye sahihi yake ifanywe hirizi! Aliye upande wake na asiye upande wake, wote wawili wataona kwamba hapo pana kichekesho.

Turudi. Maandiko ya ukurasa wa kwanza si ya namna moja, na ni lazima mtu ajue kuyapambanua kabla ya kutoa fedha. Liko andiko la milki, yaani mtu kuandika kwamba kitabu hiki ni chake, mara nyingi akijiita fakiri mbele ya Mola wake, na chini yake huenda pakawa na jina la pili na la tatu, la kila aliyekimiliki baada yake. Liko andiko la zawadi. Iko ijaza, ambayo ni ruhusa ya mwalimu kwa mwanafunzi kwamba amekisoma kitabu hiki kwake na aweza kukisomesha. Hii ni nadra, na aliye nayo nyumbani ana shahada ya babu yake kuliko shahada nyingi zilizotundikwa ukutani. Na liko andiko la wakfu. Hili la mwisho ndilo la kutazamwa kwa macho mawili. Sayyidna Omar alipopata ardhi yake Khaibar akamtaka shauri Mtume, rehema na amani zimshukie, akaelekezwa aizuie asili yake na mazao yake yawe sadaka. Ikawa ardhi ile haiuzwi, haizawadiwi wala hairithiwi. Kitabu kilichowekwa wakfu ni kama ardhi ile. Aliyenacho mkononi ni mwangalizi. Waliotutangulia walilijua tamaa ni nini, kwa hiyo katika nchi nyingi za Kiislamu neno wakfu liliandikwa si katika ukurasa wa kwanza tu bali katika kurasa kadha wa kadha ndani ya kitabu, ili mwizi akichana moja, nyingine zimshuhudie. (Waarabu wengine waliandika pia jina la Kabikaj, wakitumaini kwamba wadudu watalihofu na kukiacha kitabu. Mchwa wa Mtwara hawajapata habari yake.)

Faida ya maandiko hayo tumeiona Lamu. Katika Msikiti wa Riyadha, uliosimamishwa na Habib Saleh aliyefariki mwaka 1936, vimo vitabu vya mkono zaidi ya mia, na katika miaka ya karibuni vimepigwa picha kimoja kimoja kwa msaada wa maktaba kuu ya Uingereza. Wataalamu waliovichunguza hawakusoma fiqhi na nahau iliyomo tu. Walisoma pembezoni na kurasa za mwanzo, wakajua nani alikinakili, nani alikinunua, nani alikiweka wakfu, na elimu ilikwendaje baina ya Lamu, Unguja, Ngazija na Hadhramaut. Kama kurasa zile zingalikwisha kuchanwa na kuuzwa, vingalibaki vitabu visivyo na watu.

Hivi karibuni kijana mmoja wa hapa Shangani, mwalimu wa skuli, alipata habari kwamba huko Mikindani yuko bibi mjane ambaye marehemu mumewe aliacha sanduku la vitabu. Akaniomba tufuatane. Tukampigia hodi alasiri, tukamkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, jamvi hilo."

Tulipokwisha kujuliana hali, kijana akatoa shauri lake. "Bibi, tumesikia kwamba marehemu babu alikuwa na vitabu vya Sheikh Farsy."

"Vipo. Alivipenda sana. Lakini nambie kwanza, mjukuu wangu, wewe wataka kitabu, au wataka mkono wa Sheikh? Maana alikuja mtu mwezi uliopita, naye hakufungua kitabu ila ukurasa wa kwanza."

Kijana akacheka. "Vyote viwili, bibi, nikijaaliwa."

"Haya, fungua mwenyewe. Macho yangu hayasomi tena."

Sanduku lilifunguliwa. Juu kabisa, ndani ya kipande cha kanga, ilikuwamo Qurani Takatifu ya chapa ya zamani. Katika ukurasa wa kwanza halikuwamo jina la Sheikh. Lilikuwamo la marehemu, kwa kalamu ya wino wa buluu, na neno Mombasa, na mwaka 1972. Kijana akakirudisha polepole, na uso wake haukuficha. Chini yake vilikuwamo vijitabu vitatu vinne vya Sheikh, bila ya sahihi. Na chini ya hivyo kilikuwako kitabu cha fiqhi cha Kiarabu kilichopigwa chapa Misri, jalada limeliwa na kurasa zimekuwa rangi ya kahawa. Hicho hakutaka hata kukifunua. Nilipokifunua nilikuta ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa khati ya Kiarabu nzuri, wino umegeuka hudhurungi: kwamba mwenye kitabu amekiweka wakfu kwa wanafunzi wa chuo alichokitaja, naye amekisoma kwa mwalimu wake fulani bin fulani, ambaye alikisoma kwa fulani. Majina matatu, vizazi vitatu vya waalimu wa huku kusini. Neno wakfu lilirudiwa ndani mara mbili. Majina yale siyaandiki hapa kwa kuwa jamaa zao wapo na idhini ni yao. Lakini nasema kwamba sikupata kuyaona katika kitabu chochote cha tarehe kilichopigwa chapa.

Nikamsomea bibi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mume wangu alikuwa akikisoma kila Ramadhani. Mimi nilidhani ni chetu." Kisha akatueleza kwamba yule aliyekuja mwezi uliopita aliahidi kurudi, naye alitaka kulinunua sanduku zima kwa bei moja, akiyaita makaratasi ya kale.

Tulimwambia kama tujuavyo, naye akataka tumuulize mwenye elimu kuliko sisi. Jawabu lilikuwa kwamba kitabu si katika mirathi, na kwamba chuo kilichotajwa kama hakipo tena, basi kiende mahali palipo karibu na makusudio ya mwenyewe, yaani kwa wanafunzi wanaosoma elimu ile. Vile vya Sheikh Farsy ni mali ya warithi, waweza kuviuza au kuviweka wapendavyo. Bibi alimpa kijana kijitabu kimoja kwa radhi ya wanawe. Cha fiqhi kilifungwa upya katika kanga ileile.

Jambo la zawadi nalo lina mtego wake, na nyumba nyingi zimeingia humo bila ya kujua. Baba hununua kitabu, akaandika ndani, "Cha mwanangu fulani," kisha akakiweka katika sanduku lake mwenyewe mpaka akafa. Mwana akaja na ukurasa ule kama hati, na ndugu zake wakakataa. Nani ana haki? Katika madhehebu yetu ya Kishafi zawadi haithibiti mpaka ipokewe kwa idhini ya mtoaji. Sayyidna Abubakar alikuwa amempa binti yake, Bibi Aisha, tende za kiasi cha wasaki ishirini katika shamba lake, naye hakuwahi kuzichukua. Mauti yalipomfikia baba akamwambia kwamba lau angalizishika zingalikuwa zake, lakini siku ile zilikuwa mali ya warithi. Ikiwa haya yalikuwa kwa watu wale, basi wino peke yake hautoshi. Aliyepewa kitabu na akiwa mtu mzima, akikabidhiwe mkononi. Aliye mtoto mdogo, baba yake humpokelea, na ni vizuri liandikwe kuwa limefanyika hivyo. Hapo ndipo andiko linapokuwa ushahidi wa jambo lililotendeka.

Wasomaji wetu wanawake wasidhani kwamba habari hii ni ya wanaume na wa msikitini. Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga mwanamke wa nchi ya Lamu mwaka 1858, ulikuwa mausia ya mama kwa binti yake, naye jina lake amelitia ndani ya utungo wenyewe, hata leo hakuna awezaye kumpokonya. Na katika nyumba zetu za pwani ni mara nyingi mama ndiye aliyehifadhi msahafu ambao katika kurasa zake za mwanzo au za mwisho pameandikwa siku waliyozaliwa watoto, usiku gani, mwezi gani, na waliokufa. Nimeona watu wakihangaika katika ofisi za serikali kutafuta mwaka wa kuzaliwa wa mzazi wao, na msahafu uko nyumbani juu ya kabati. Maandiko hayo hayana bei sokoni. Mkusanyaji wa sahihi hatayatazama. Lakini kwa ukoo ule yanazidi sahihi ya Kadhi yeyote.

Na mahali palipotajwa patazamwe pia. Huku kwetu mipaka ilihama na watu wamekaa. Kionga, iliyoko kusini ya mlango wa Ruvuma, ilishikwa na Wajerumani mwaka 1894 na Wareno wakaitwaa mwaka 1916. Kitabu kilichoandikwa Kionga mwaka 1910 kiliandikwa katika utawala mmoja na Mtwara, na cha mwaka 1920 katika utawala mwingine, na huenda mwandishi ni mtu yuleyule chini ya mwembe uleule. Neno moja la mahali na mwaka mmoja chini ya jina vyaweza kumwambia mjuzi mengi kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Ama kuvitunza. Shangani ina chumvi katika upepo, na wakati wa masika kitabu hulowa bila ya kunyeshewa. Usikifunge katika mfuko wa nailoni, kwani hutoa jasho na kuota ukungu. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa kikakauka vizuri ni bora. Usikiweke sakafuni wala kukiegemeza ukutani, kwa ajili ya mchwa. Usikianike juani kwa kukitakia heri, jua hula wino. Ukurasa uliolegea usiubandike kwa utepe wa gundi: baada ya miaka michache gundi hugeuka manjano, ikaondoka pamoja na herufi. Wala usikubali mtu akupendekezee kuukata ukurasa wenye sahihi autie katika fremu. Ukurasa uliotengwa na kitabu chake umepoteza nusu ya maana yake, na kitabu kilichobaki kimepoteza nusu ya pili.

Siku hizi kila nyumba ina simu yenye kupiga picha, na hili ni jambo ambalo wazee wetu hawakulipata. Piga picha jalada, ukurasa wa jina la kitabu, ukurasa wenye mwaka wa chapa, na kila ukurasa wenye mkono wa mtu, mpaka pembeni kabisa, mchana karibu na dirisha. Muulize mzee aliyepo, huyu aliyetajwa ni nani, akaandike au aandikiwe. Usingoje. J. W. T. Allen alipokuwa akikusanya kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maandiko ya Kiswahili na Kiarabu ya pwani, ambayo orodha yake ilitolewa mwaka 1970, mengi aliyoyapata yalitoka mikononi mwa watu wa kawaida katika nyumba zao. Maktaba ya chuo kile inayo makusanyo hayo, na Unguja kuna nyumba ya nyaraka. Asiyeweza kutunza aweza kuwapa wao kitabu, au nakala yake. Lakini cha wakfu asikitoe kabla ya kuuliza.

Limebaki suala la ugawaji, ambalo ndilo linalovunja makusanyo mengi kuliko mchwa. Mtu akifa, vitabu vyake hugawanywa kwa mafungu, huyu juzuu ya kwanza na huyu ya pili, na wote wawili wakawa hawana kitabu. Sharia haikulazimisha hivyo. Vitolewe kwanza vya wakfu na vya watu alivyoazima; vilivyobaki vitiwe bei na mtu muadilifu, kisha mmoja wa warithi anayesoma avichukue katika fungu lake kwa bei hiyo, au warithi wote waridhie vikae pamoja katika nyumba moja. Na atakayevichukua aandike jina lake kwa penseli, chini ya la marehemu, pamoja na mwezi, mwaka na neno Shangani, Mtwara.